Risasi Isiyo na Bunduki

Pale Pasiansi, Mwanza, mahali njia ya vumbi inapoachana na lami kuteremka ziwani, kuna ubao wa mninga uliokalia makasha mawili ya betri za lori yaliyojazwa mchanga. Ndicho kijiwe chenyewe. Nyuma yake kuna chumba cha matofali ya kuchoma, kilichokuwa karakana ya kuchaji betri kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka umeme ulipofika visiwani na sola zikamaliza kazi iliyobaki. Mwenye karakana, Abubakary, hakuhama mtaa. Alitoa ubao nje, akakaa, watu wakamwita Mzee Volti. Kila asubuhi yuko hapo na wenzake wawili: Venant, aliyekuwa akifunga kamba za kivuko Kigongo mpaka daraja lilipofunguliwa, ndiyo maana anaitwa Pantoni, na Alexander, aliyetunza stoo ya chuo cha ualimu Butimba miaka mingi hivi kwamba siku ya kustaafu aliondoka na cheo cha Profesa, alichojipa mwenyewe. Kahawa ni ya Raya. Ubishi ni wa wote.

Jumamosi hiyo, masika yakiwa yameanza, zamu ya kulalamika ilikuwa ya Pantoni.

– Daraja zuri, sikatai. Lakini mtu anavuka kufumba na kufumbua! Hapo umemjua nani? Zamani ukifika Kigongo unasubiri, unakula samaki, unasikia msiba wa nani, unapata mchumba, ndiyo unavuka. Siku hizi watu wanavushwa kama barua.

– Ndiyo wahenga wakasema, usione vyaelea, – Profesa akatia neno.

– Hiyo ni ya vyombo vya majini, bwana.

– Kwani pantoni yako ilikuwa nini? Baiskeli?

Abubakary alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidoleni. Aliyapenda mazungumzo yakianza hivyo, maana wenzake wakishafika kwenye habari za zamani, na yeye alipata nafasi ya kuingiza betri zake.

– Mnaikumbuka Ijumaa hapa? Betri zimepangwa toka mlangoni mpaka kwenye ile nguzo, kama wagonjwa kliniki. Kila moja ina jina kwa rangi nyeupe. Kome. Ukara. Maisome. Kisiwa kizima kinasubiri betri moja ili televisheni moja iwake watu waone mpira. Na wakifungwa, lawama zinakuja kwangu! Eti ningejaza vizuri wangeshinda.

– Na suruali yako ilikuwa chujio la chai, – alisema Raya.

– Tindikali hiyo, mama. Ukiona fundi betri ana suruali isiyo na matundu, ujue ameazima.

– Na Machibya huko nyuma anaimba, – alisema Pantoni.

– Na Machibya huko nyuma anaimba.

Abubakary aliyarudia maneno hayo polepole, akatazama ndani ya kikombe. Machibya alikuwa fundi mwenzake, Msukuma wa Magu, mtu wa kifua na sauti ya kuongoza wakulima mia shambani. Mbele palikuwa pa Abubakary na wateja. Nyuma palikuwa pa Machibya na jiko. Ilikuwa miaka saba sasa tangu afariki. Kiwanja cha nyuma ya karakana walikuwa wamekinunua pamoja, na baada ya msiba Abubakary alimwachia mjane, Teodora, naye akakilima bustani. Mchicha wa Teodora ulikuwa mpana kama kiganja. Mtaa mzima uliula, na binti yake Abubakary aliununua karibu kila siku akawapikia watoto wake.

Basi ndiye huyo Teodora aliyetokea kwenye kona ya karakana, kanga imefungwa kiunoni, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

– Mwangaluka, wazee.

– Mwangaluka, mama. Kaa unywe kahawa.

– Sikai. Shemeji, nisomee hii. Yule binti wa mradi wa bustani, aliyekuja mwezi juzi kuchota udongo na mchicha, ameleta majibu. Amesema anapita nyumba ya pili kisha anarudi kunieleza. Lakini mimi siwezi kushika karatasi nisiyojua ina nini. Mkono unawasha.

Kabla Abubakary hajavaa miwani, Profesa alikuwa ameshaidaka karatasi. Alikohoa kikohozi cha stoo.

– "Sampuli za udongo zimekutwa na risasi kwa kiwango cha juu kuliko kinachofaa kwa bustani ya chakula."

Birika la Raya lilibaki hewani.

– Risasi?

– Imeandikwa. Ri, sa, si...

– Risasi za bunduki?

– Kwani wewe unajua risasi za manati?

Pantoni alisimama akaketi tena.

– Sasa hapo nimeelewa! Vita vya Kagera. Malori ya jeshi yalipita Kigongo mchana kutwa, mimi kijana mdogo natazama kwa macho haya. Lori moja likapungua mzigo. Mnadhani mzigo ulikwenda wapi? Ulifukiwa hapa!

– Acha kamba, Pantoni. Hapa palikuwa kichaka tupu.

– Ndiyo, sasa utafukia masanduku ya risasi sokoni?

– Vita vya Kagera ni jana, – alisema Profesa. – Kiwango cha juu kinataka muda. Hizi ni za Mjerumani. Waingereza walipokaribia, Mjerumani akasema bora nizike kuliko kunyang'anywa. Risasi ikikaa ardhini miaka mia inaoza, inakuwa kama mbegu. Mvua ikinyesha inamea.

– Inamea nini?

– Inapanda kwenye mchicha, Raya. Ndiyo unaona ule mchicha una nguvu vile. Mchicha wa kawaida una shina hivyo?

Raya aliweka birika chini.

– Kwa hiyo mwanangu anayepiga wenzake shuleni...

– Anakula risasi asubuhi na jioni! – Pantoni alidakia. – Unategemea awe padri? Na msiuchemshe kwa moto mkali, jamani. Chungu kitalipuka kimtoe mtu jicho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mchicha una guu moja tu.

Raya alicheka, Profesa akacheka, hata Teodora aliziba mdomo kwa kanga. Abubakary hakucheka. Alikuwa ameijua risasi ile hata kabla Profesa hajamaliza sentensi. Aliijua rangi yake ikiwa imeyeyuka ndani ya sufuria, ilivyong'aa kama kioo, na utando wa kijivu uliotanda juu, ambao Machibya aliuondoa kwa kijiko cha chuma na kuurusha nyuma bila kutazama.

Angeweza kunyamaza. Lori la Kagera lingembebea lawama, na kama si hilo, basi Mjerumani.

Selina, binti wa mradi, alifika wakati huo, buti zimejaa tope.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, bwana shamba wa kike! – alisema Pantoni. – Hebu tuamulie. Ni risasi za Kagera au za Mjerumani?

Selina aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaelewa, akajizuia kucheka kwa heshima.

– Si za bunduki, baba. Ni madini. Yale mazito, ya kijivu, wavuvi wanafunga chini ya nyavu zizame.

– Ndiko nilikokuwa naelekea, – alisema Profesa.

– Madini hayo ni sumu. Hayaui leo wala kesho, yanajikusanya mwilini. Watoto ndio yanawaumiza zaidi, yanashika ubongo. Mama Teodora, mchicha huu ukome leo kuliwa. Na waliokuwa wanaula, hasa watoto, waende hospitali wakapimwe damu. Nitawaandikia pa kwenda.

Cheko liliisha. Raya alikaa juu ya kigoda chake bila kuangalia kama kipo.

– Lakini mchicha ulikuwa mzuri, – alisema Teodora. Sauti ilikuwa ndogo. – Haukunyauka. Haukuwa na mdudu. Mimi mkulima, ningeona.

– Usingeona, mama. Hapo ndipo mmea unapotudanganya. Mzizi una milango ya kupitishia chakula. Risasi inafanana kidogo na madini ya chokaa, na mmea unayapenda ya chokaa. Basi mzizi unafungua, unadhani ni mgeni wake.

– Mtaka cha mvunguni huinama, – alisema Pantoni kwa unyonge, – na mzizi umeinama.

– Ikishaingia, nyingi inabaki mizizini. Kidogo inadandia maji yanayopanda shinani, inafika kwenye majani. Na nyingine inaruka na tope mvua ikipiga, inagandia majani kwa nje. Sasa mmea hauna choo, hauwezi hata kutapika. Ukishtuka kwamba umekaribisha sumu, unatengeneza kitu kama kamba ndani yake, unaifunga ile sumu, unaitia kwenye vijumba vidogo vidogo, unafunga mlango. Mmea unaendelea kunawiri. Sumu haijaondoka. Imefichwa tu isiuumize.

– Kumbe mchicha una mahabusu! – alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia.

– Ninachotafuta, – Selina aliendelea, – ni ilikotoka. Hapa hakuna kiwanda, barabara kubwa iko mbali. Lakini iko nyingi, na imekaa kwa mafungu. Kuna sehemu mchicha wenyewe umeshindwa, umedumaa. Karibu na ukuta, halafu kama mkondo unaoteremka.

– Ndege, – alisema Pantoni. – Uwanja wa ndege si ule pale? Zikitua zinakung'uta.

– Ndege zingekung'uta mtaa mzima, – alisema Profesa. – Hii ni radi. Radi ikipiga inaacha chuma...

– Ni mimi, – alisema Abubakary.

Walidhani ametoa dhana yake. Pantoni hata alimpigia makofi ya utani.

– Ni mimi na Machibya. Tuliimwaga sisi.

Alivua miwani, akaikunja, akaifunua tena. Kisha akasema, akimtazama Selina kwa sababu Teodora hakuthubutu kumtazama:

– Betri ikifa tulikuwa tunaipasua. Tindikali tunaimwaga kwenye mkondo, huo ulioona. Yale mabamba ya ndani tunayayeyusha jikoni, tunapata risasi ya kutengenezea betri nyingine, na inayobaki tunawamiminia wavuvi vizito vya nyavu. Takataka zake, ule unga, ule utando, vilikwenda nyuma ya ukuta. Kila wiki, miaka ishirini na mitatu. Hatukujua, binti yangu. Naapa hatukujua. Tulikuwa tunajivunia. Watu walitoka Ukerewe kwa ajili yetu.

Njiani ilipita pikipiki ya samaki, harufu ikabaki.

– Nani alikuwa anayeyusha? – aliuliza Teodora.

Alijua. Alimpelekea mumewe chakula pale jikoni miaka yote hiyo. Lakini alitaka Abubakary aseme kwa mdomo wake.

– Machibya. Mimi nilikuwa mbele na wateja. Yeye nyuma na moshi.

– Mikono yake ililegea, – alisema Teodora. – Mwaka ule wa mwisho. Alikuwa akishika kikombe, kiganja kinaanguka hivi, kama jani lililokatwa. Tumbo linamsokota analia kama mtoto mchanga. Akasahau nyimbo zake. Mtu aliyeimba tangu asubuhi akasahau nyimbo! Shemeji, ni hii?

Abubakary alimgeukia Selina, na Selina akatikisa kichwa polepole.

– Mama, mimi ni mtu wa mimea. Dalili hizo risasi inaweza kuzileta. Lakini kama ndiyo iliyomuua marehemu, hakuna anayeweza kukuambia leo.

Teodora alikaa sasa. Alikaa mwisho wa ubao, mbali na Abubakary, mikono juu ya mapaja.

– Miaka saba, – alisema. – Miaka saba sijakanyaga kwa wifi yangu Magu. Nilisema yeye ndiye aliyemroga kaka yake kwa ajili ya shamba. Nilisema mbele ya watu, kwenye matanga. Watoto wake wakahama kijiji kwa maneno yangu. Yeye amebaki peke yake, hata maji hachotewi.

Pantoni alifungua mdomo, methali ikiwa tayari, akaufunga. Raya alimmiminia Teodora kahawa, naye akaishika asinywe.

Abubakary alitaka kusema nisamehe. Lakini aliona kwamba neno hilo lingempa Teodora kazi nyingine, ya kujibu. Akasema badala yake:

– Twende Magu. Nitasema mimi, mbele ya watu. Kama nilivyosema hapa.

Teodora alikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akaondoka. Siku hiyo hiyo aling'oa mchicha wote, peke yake, akakataa msaada.

Siku ya nne asubuhi alipita kijiweni amevaa viatu vya safari.

– Shemeji, – alisema, – basi linaondoka saa mbili.

Yaliyosemwa Magu Abubakary hakuyasimulia sana kijiweni. Alisema tu kwamba mama yule, wifi, alikuwa anaanua michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, juu ya jabali, kwamba alimsikiliza mpaka mwisho, kwamba aliuliza, "Kwa hiyo mmekuja kuniambia mimi si mchawi? Mimi nilikuwa najua." Kisha akawapa maji. Na walipokuwa wanaondoka alimfungia Teodora michembe kwenye kitambaa, bila kumwangalia.

Damu zilipimwa. Ya wajukuu wa Abubakary ilikuwa na risasi kidogo, na daktari alisema chanzo kikikoma na wakila vizuri itashuka. Ya mtoto wa Raya ilizidi, akawa anakwenda kliniki kila mwezi. Raya aliendelea kuuza kahawa. Wiki mbili alimmiminia Abubakary bila kumsalimia, na Abubakary alikunywa bila kulalamika. Wiki ya tatu alimwambia, "Punguza sukari, mzee," wakajua yamepita, au yameanza kupita.

Teodora alihamishia mboga kwenye viroba vya udongo safi mbele ya nyumba yake. Kwenye kiwanja cha nyuma, Selina alileta mbegu za alizeti. Alizeti mizizi yake inakwenda chini na shina lake linabeba, alisema. Itavuta kidogo mwaka huu, kidogo mwakani. Aliwaeleza wazi kwamba risasi ni ngumu, inang'ang'ania udongo, na kazi hiyo huenda ikazidi umri wa wote waliokaa pale. Wazee walilima wenyewe. Walichanganya samadi kama walivyoagizwa. Profesa alipima nafasi kwa kamba. Pantoni aliimba vibaya.

Mwezi wa tano kiwanja kilichanua, na hapo ndipo Abubakary alipozoea kusimama kwenye kona peke yake kila asubuhi kabla wenzake hawajaja. Manjano ile yote, nyuso zote zimegeukia upande mmoja, ilimrudishia Ijumaa zake, betri kwenye foleni, kila moja ikisubiri. Ilikuwa kama anaisikia ile sauti ya Machibya nyuma ya ukuta. Hapo zamani alikuwa akiikumbuka kwa raha tupu. Sasa aliikumbuka na moshi wake, na bado aliitaka irudi, hata siku moja, hata nusu ya wimbo.

Mwezi wa saba walivuna alizeti. Mbegu hazikukamuliwa, vichwa vilitiwa kwenye magunia na kushonwa, mabua yakafungwa matita na kuegemezwa ukutani. Wazee walikuwa wamekaa wakijisifu, na Teodora pamoja nao, pale mfugaji mmoja wa Kayenze alipopita na ng'ombe watano waliokonda kwa kiangazi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Ndalahwa.

– Mwangaluka. Bangosha, wanaume wenzangu, naomba hayo mabua. Hawa hawajala tangu jana.

– Usiguse! – walipiga kelele wote pamoja.

Wakamweleza, wakipokezana kama watu waliosoma darasa moja. Profesa alieleza milango ya mzizi. Pantoni alieleza mahabusu. Raya alieleza watoto na damu. Ndalahwa aliegemea fimbo akasikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

– Kwa hiyo risasi imetoka ardhini.

– Kidogo, – alisema Abubakary. – Kila mwaka kidogo.

– Imeingia kwenye mabua haya.

– Ndivyo.

– Haya. Na mabua mnayapeleka wapi?

Profesa alikohoa.

– Tunachoma.

– Moshi hapana, – alisema Teodora. Alisema haraka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

– Tunafukia, – alisema Pantoni, kisha akajisikia mwenyewe. – Yaani... tunarudisha tena chini.

– Ziwani? – alisema Raya, akajibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa.

Walimpigia Selina. Alisema kwamba kuna mahali maalumu taka za namna hiyo hupelekwa, lakini kwa hapa Mwanza hajui ni wapi. Alisema ataulizia, wampe muda.

– Pole zenu, – alisema Ndalahwa. Alivaa kofia yake, akapiga mluzi. Ng'ombe wanne wakamfuata. Wa tano, jike jekundu, alikuwa ameshanyoosha shingo kuelekea ukutani na ulimi umetoka.

Wazee watatu waliinuka kwa pamoja, kama hawajawahi kuumwa magoti, wakakimbia wakipunga mikono. Ng'ombe alirudi nyuma, akawashangaa, akaondoka zake.

Pantoni na Profesa walirudi kijiweni wakihema. Raya alitikisa birika, likatoa mashapo. Abubakary hakurudi. Aliokota ndoo ya rangi iliyokuwa imepinduka kando ya ukuta, akaiweka katikati ya matita na njia, akakaa.

– Mzee Volti, unafanya nini huko juani? – aliita Profesa.

– Nimekaa.

– Mpaka lini?

Abubakary aliyafunga vizuri mabua yaliyolegea, akayasogeza mbali kidogo na njia. Alisikia nyayo nyuma yake. Teodora alikuwa amekuja na kigoda alichoazima kwa Raya.

– Sogea, shemeji, – alisema.

Akasogea.